Jina la Mwalimu Revelian kwenye Kadi za Kliniki

Waliokuwepo Jumapili ile ya tarehe 13 Oktoba 2024, saa tano asubuhi, chumbani kwa marehemu hapa Kibamba, walikuwa watano: mume wake, Mwalimu Revelian Kamugisha, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, binti yao Adelina, aliyekuwa akimpepea mama yake kwa kipande cha boksi kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, mkwe wao Godlisten, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, Katekista Leonardi, aliyekuwa amekuja kusali na mgonjwa, na Jenipher, mpangaji wa chumba cha uani, aliyekaa chini mkekani akimkanda mgonjwa miguu huku mwanawe mdogo amelala mgongoni. Hakuwepo Stephano, mtoto wa pili, na kwa ajili ya kutokuwepo kwake marehemu aliomba ainuliwe, akaegemezwa mito miwili, akasubiri pumzi irudi, akasema.

Alisema historia yake isiandikwe kwa mkato, kwamba kuzaliwa, kusoma na kazi vinaweza kuandikwa na yeyote mwenye vyeti vyake, lakini kuna jambo moja halimo kwenye vyeti, na kwa ajili ya jambo hilo mume wake ameitwa mzinzi kwa miaka minane, na mtoto wake wa kiume hajakanyaga nyumba hii kwa miaka hiyohiyo, na yeye aliyekuwa na neno la kulimaliza alinyamaza. "Msinizike nikiwa bado nimenyamaza," alisema, "andikeni yote, yasomwe yote, Stephano awepo asiwepo." Katekista alitaka kusema kitu, marehemu akamwinulia mkono, akamwambia, "Subiri, Katekista, na wewe umo." Watu wakacheka kidogo, na yeye pia akacheka, akakohoa, Adelina akampa maji.

Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, familia inawaomba mvumilie, kwa maana historia hii ni ndefu kuliko mlivyozoea.

Marehemu Apolonia Kokushubira alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mkoa ambao leo unaitwa Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Albano Rwegoshora na mama Verediana, wakulima wa ndizi na kahawa, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alianza darasa la kwanza Januari 1974 katika shule ya kijiji na kumaliza la saba mwaka 1980, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akakaa nyumbani miaka mitatu akilima na kusaidia kufua vitambaa vya vidonda katika zahanati ya misheni. Huko kulikuwa na mtawa mmoja ambaye kila alipomchoma mtu sindano alimwambia "nisamehe", hata kama ni mtoto mchanga asiyesikia, na marehemu alipenda kusema kwamba uuguzi wake ulianzia kwenye neno hilo, mengine yote aliyasoma baadaye.

Mwaka 1984 alijiunga na mafunzo ya afya ya mama na mtoto mkoani humo, akahitimu mwaka 1986, na tarehe 1 Novemba mwaka huo akaanza kazi katika zahanati ya kijiji, akitembea kwa miguu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Mwalimu Revelian Kamugisha, mwalimu wa hisabati shule ya msingi, mtu mpole, mwenye msimamo mgumu kwenye mambo ambayo wengine huyaona madogo, kama mtakavyosikia.

Marehemu na mume wake walijaliwa watoto wawili, Adelina aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1990, na Stephano aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1992. Marehemu aliagiza sentensi hii isomwe mara mbili, nasi tunatii: watoto ni wawili, Adelina na Stephano, na Mwalimu Revelian hana mtoto mwingine, hapa Kibamba wala mahali pengine popote.

Mwaka 1994 Mwalimu alihamishiwa Dar es Salaam, familia ikapanga chumba kimoja Temeke, marehemu akafanya kazi katika kliniki mbalimbali za huko hadi walipojenga hapa Kibamba, wakahamia mwaka 2003 nyumba ikiwa haina milango ya ndani. Januari 2004 alipangiwa Zahanati ya Kwa Makunja, akawekwa chumba cha kliniki ya wajawazito, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka ishirini iliyobaki ya maisha yake.

Wengi mliokaa hapa mmepita mikononi mwake. Mnajua kwamba kila mjamzito alimwita mama, hata binti wa miaka kumi na sita, na kwamba kile chombo cha bati cha kusikilizia mapigo ya mtoto hakukiweka tumboni kwa mtu kikiwa cha baridi, alikishika kwanza viganjani mpaka kipate joto, huku akiuliza habari za nyumbani. Mnajua alikuwa na kanga mbili za ziada kwenye droo kwa ajili ya anayevuja damu au maziwa, na kwamba kanga hizo alizifua mwenyewe. Pengine hamkujua alivyokuwa amechoka. Siku za kliniki alihudumia wanawake sitini, na mara nyingine themanini, akiwa na msaidizi mmoja au bila msaidizi, na alipofika nyumbani alikuwa akikaa kwenye ngazi ya mlangoni kwanza, viatu mkononi, mpaka Mwalimu atoke amwambie, "Mama Adelina, ingia, wali unapoa."

Sasa tunafika kwenye lile jambo.

Wakati ule, katika zahanati ile, mwanamke akija hudhurio la kwanza la ujauzito alitakiwa aje na mwenza wake ili wapimwe virusi vya UKIMWI pamoja, na jina la mwenza liandikwe kwenye kadi. Nia yake ilikuwa njema, wanaume wengi walipimwa kwa njia hiyo ambao wasingepimwa kamwe. Asiye na mwenza alitakiwa alete barua ya serikali ya mtaa, na asiye na barua alirudishwa.

Alhamisi ya tarehe 17 Februari 2011 alikuja binti mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi, mwenye mimba ya miezi minne, peke yake. Marehemu akamuuliza, "Mwenzio yuko wapi, mama?" Binti akasema, "Amesafiri." "Kasafiri wapi?" "Sijui." Marehemu akamwambia aende serikali ya mtaa, aombe barua, arudi Alhamisi inayofuata, na binti akasema, "Haya, ahsante sista," akakunja kanga yake, akaondoka. Marehemu aliikumbuka sauti aliyotumia siku ile. "Hata sikumkaripia," alisema, "nilimrudisha kwa upole, akaondoka ananishukuru." Binti alikwenda serikali ya mtaa, akaulizwa mbele ya watu mimba ni ya nani, akarudi nyumbani, na hakuonekana tena kliniki.

Alionekana Jumatatu ya tarehe 27 Juni 2011, akiwa ameletwa na jirani kwa bajaji, miguu na uso vimevimba, akitetemeka kwa kifafa cha mimba, ugonjwa unaotokana na presha, na presha ni kitu kinachopimwa kwa dakika moja kila hudhurio. Marehemu alipanda naye bajaji ileile kumpeleka hospitali kubwa, akamshikilia kichwa mapajani njia nzima. Hawakufika naye akiwa hai, wala mtoto hakupona.

Kwa wiki mbili baada ya hapo marehemu alikwenda kazini na kurudi, akipika na kufua, na Mwalimu anasema hakumsikia akitamka neno lisilo la lazima.

Alhamisi ya tarehe 14 Julai 2011 alikuja mwanamke mwingine peke yake. Siku za Alhamisi Mwalimu alikuwa akimletea mke wake chakula, kwa kuwa alifundisha zamu ya mchana, na wakati ule alikuwa kwenye benchi la nje na hotpoti ya ndizi magotini. Marehemu alitoka, akamwita, "Mwalimu, ingia mara moja." Mwalimu akauliza kuna nini. "Ingia tu, kaa pale karibu na huyu mama, nikikuuliza sema ndiyo." "Ndiyo kwa lipi?" "Mwalimu, nakuomba." Akaingia, akakaa, hotpoti akaiweka chini ya kiti, akatoa kidole kikachomwa. Lilipofika suala la jina, marehemu alimnong'oneza kwamba ataandika jina lolote, Juma Ali, nani atajua. Hapo ndipo Mwalimu alipogoma. "Mie siitwi Juma," alisema. "Kukaa nimekaa, sindano nimechomwa, lakini jina la uongo kwenye daftari la serikali haliandikwi mbele yangu. Andika Revelian Kamugisha." Yule mwanamke alikuwa akilia, akaanza kucheka hukuhuku akilia. Marehemu akaandika Revelian Kamugisha, akampima presha.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila ilipotokea Alhamisi mwanamke kuja peke yake, na barua hana, Mwalimu aliitwa ndani. Marehemu alijua ni kosa, hakujidanganya, kila mmoja wa wanawake wale alimweleza wazi kwamba huyu si mwenza wake, kwamba majibu ya huyu hayamhusu yeye, na kwamba baba halisi akipatikana aje apimwe. Majibu ya mtu hayakubadilishwa hata mara moja. Marehemu hakuweka hesabu ya wanawake hao, Mwalimu anasema ni thelathini na moja, kwa sababu vidole ni vyake.

Kuna jambo moja ambalo wote wawili hawakulifikiria. Mtoto akizaliwa anapewa kadi yake, na jina la baba linanakiliwa kutoka kadi ya mama. Aliyenakili hakuwa marehemu, walikuwa wauguzi wa chumba kingine, waliokuwa wakifanya kazi yao vizuri. Akina mama nao hawakuomba lifutwe, kwa maana mtoto atakwenda shule siku moja, na mahali palipoandikwa jina la baba pana jina, la mtu mzima, mwalimu, anayeheshimika. Kwa hiyo jina la Revelian Kamugisha lilitoka kwenye kadi moja likaingia kwenye nyingine, likaenda majumbani.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwemo Jenipher, ambaye ameomba yeye mwenyewe atajwe, ili wengine wasitajwe. Alikuja Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, akapata mimba ya kijana mmoja wa Chamazi, tajiri yake alipoona tumbo akamwekea nguo zake nje. Alhamisi ya tarehe 14 Januari 2016 alifika Kwa Makunja akiwa na miaka kumi na tisa, hajala tangu jana yake, na marehemu alimpa kwanza nusu ya ndizi zake, akamngoja ale, ndipo akamwita Mwalimu. Wakati wanasubiri kipimo benchini, Jenipher akiwa upande mmoja na Mwalimu upande mwingine, wanawake wawili nyuma yao walianza.

"Shoga, si ndiye yule mwalimu?"

"Ndiye. Mwezi uliopita kaja na yule mrefu."

"Na mkewe ndiye anayepima! Kalishwa nini yule dada wa watu?"

"Mie sijui, ila huyu baba sijui anafundisha somo gani."

Jenipher alitaka kusimama aondoke. Mwalimu alitazama mbele, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini inayomfikia yeye tu, "Hisabati, darasa la sita." Jenipher anasema hajawahi kucheka na kutaka kulia kwa pamoja namna ile, na kwamba Mwalimu alimwambia, "Mwanangu, ukicheka na mie nitacheka, halafu tutafukuzwa wote." Alijifungua salama tarehe 20 Juni 2016, na mwisho wa mwaka huo marehemu na mume wake walimpa chumba cha uani, na hadi leo yupo hapo, ana watoto wawili na mume anayemjua Mwalimu kama mkwewe.

Stephano wakati huo alikuwa na kibanda cha fotokopi pale barabarani. Akina mama walikuja kwake kutoa nakala za kadi za watoto, za kuandikisha darasa la awali, za kuomba cheti cha kuzaliwa. Aliliona jina la baba yake mara ya kwanza, akadhani ni mtu mwingine. Akaliona mara ya pili. Kuanzia hapo kila kadi yenye jina hilo alitoa nakala moja ya ziada, akaiweka. Jenipher alikuwa wa mwisho, na anakumbuka kwamba kijana alimrudishia kadi bila kumtazama, na hakuitikia aliposema ahsante.

Jumapili ya tarehe 21 Agosti 2016, baada ya misa, Stephano alizipanga nakala saba juu ya meza ya kulia, moja moja, mbele ya wazazi wake na dada yake. Akauliza, "Baba, hawa ni ndugu zangu?" Mwalimu alizitazama zote, akamtazama mke wake, akasema, "Hayo ni mambo ya kazi." Stephano akasema, "Kazi gani hiyo, baba?"  Kisha Stephano akamgeukia mama yake. "Mama, na wewe ulikuwa unajua? Hawa wote wamepitia chumba chako."

Marehemu alisema hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Alizitazama nakala zile na kati ya majina yale saba alimwona mmoja ambaye alikuwa ameolewa mwezi uliopita, kwa mume aliyekubali kulea mtoto, na mwingine ambaye wazazi wake wanaishi nyuma ya kanisa. Akafikiri, nikisema jambo hili kwa kijana mwenye hasira, kesho litakuwa sokoni, wanawake hawa wataulizwa tena mbele ya watu mimba zilikuwa za nani, na mimi nitanyang'anywa leseni, na Alhamisi atakuja mwingine peke yake. Akasema, "Stephano, kula kwanza." Hayo tu. Stephano hakula, alifunga kibanda wiki hiyohiyo, akaenda Songea.

Marehemu alidhani atamweleza akishapoa. Mwaka ukapita. Akadhani atamweleza akija Krismasi, naye hakuja. Baadaye ikawa kila akishika simu anaona aibu, si ya kadi, ni ya kuchelewa, na kadiri alivyochelewa ndivyo aibu ilivyokuwa nzito. Januari 2017 Katekista Leonardi alikuja jioni kumwomba Mwalimu apumzike uenyekiti wa jumuiya mpaka maneno ya watu yatulie, Mwalimu akamletea daftari la jumuiya palepale, akamshukuru kwa kuja mwenyewe badala ya kutuma mtu. Marehemu alikuwa jikoni akisikia. Mwalimu hakumlaumu siku ile wala siku nyingine, na marehemu alisema afadhali angemlaumu.

Mwaka huohuo wa 2017, mwezi wa nne, zahanati ilipata mganga mfawidhi mpya, Dokta Khalfani, ambaye siku ya kwanza tu alisoma madaftari, akaita wauguzi wote, akasema, "Kuanzia leo aliyekuja peke yake anapimwa peke yake, hakuna kurudisha mtu." Hakuuliza kuhusu Revelian Kamugisha. Alimtazama marehemu kidogo, akafunga daftari. Marehemu alisema wema ule wa kutouliza hakuusahau, lakini ulimwachia pia nafasi ya kuendelea kunyamaza.

Aliendelea na kazi. Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu, akadhani ni kusimama, akabadilisha viatu. Septemba 2023 alianza kushindwa kupanda ngazi tatu za zahanati bila kupumzika, akapimwa, akaambiwa moyo wake umepanuka. Alipewa dawa na likizo, likizo akaikatiza mara mbili kwa kuwa chumba chake kilibaki bila mtu. Tarehe 6 Juni 2024 alikwenda kliniki kwa mara ya mwisho, akahudumia wanawake arobaini na wanne akiwa amekaa, akiwaomba radhi kwa kutosimama. Baada ya hapo hali yake ilipanda na kushuka, akalazwa mara tatu, na siku za nyumbani alihudumiwa na Adelina, na Mwalimu aliyejifunza kupima presha akiwa na miaka sitini na minne, na Jenipher aliyemwogesha kila asubuhi kabla ya kuwaogesha wanawe.

Siku moja baada ya Jumapili ile ya agizo, Adelina alimpigia mdogo wake simu mara nne, ikakatwa mara nne. Jenipher akasema, "Ngoja nipige mie, namba yangu haijui." Stephano akapokea. Tunayaandika mazungumzo hayo kama Jenipher alivyoyasema, simu ikiwa imewekwa kwenye spika na marehemu akisikiliza.

"Kaka Stephano, hunijui. Mie ni mmoja wa wale wa kwenye fotokopi zako."

Stephano akauliza, "Wa ngapi?"

"Wa mwisho nadhani. Mtoto alikuwa na miezi miwili, nilitaka cheti cha kuzaliwa."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Baba wa mwanangu ni mtu wa Chamazi, nilipomwambia nina mimba alizima simu mpaka leo. Baba yako alichomwa kidole tu, kaka. Wote ni hivyo. Alikaa nasi ili tusirudishwe. Mama yako yupo hapa, atakueleza mwenyewe."

Marehemu alieleza, kwa pumzi fupi, kuanzia yule binti wa Februari. Ilichukua muda mrefu kwa sababu ya kupumzika katikati. Mwisho alisema neno alilolijua tangu misheni, "Nisamehe." Stephano hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe, alisema, "Mama, nitakuja Desemba, kazi zikipungua." Marehemu akasema, "Haya, ahsante."

Simu ilipokatwa marehemu alimwambia Jenipher kwamba neno hilohilo ndilo alilojibiwa na yule binti alipomwambia arudi Alhamisi, kisha akaomba kulala.

Ndugu waombolezaji, Apolonia Kokushubira alifariki Jumatatu ya tarehe 11 Novemba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na miaka hamsini na minane na miezi minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake. Ameacha mume, watoto wawili kama mlivyosikia mara mbili na sasa mara ya tatu, na wajukuu watatu.

Stephano alifika Jumatano, siku mbili baadaye. Familia haimhukumu, na marehemu alisema asihukumiwe, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba jambo zito linaweza kungoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi ambaye hatukupata jina lake, aliyejua mgonjwa ni mwenzake wa kazi, akamwita sista mpaka mwisho, na akamweleza kila dawa kabla ya kumpa. Tunamshukuru Dokta Khalfani na watumishi wa Kwa Makunja waliogawana zamu zake kwa miezi mitano bila kunung'unika. Tunawashukuru majirani waliotuletea maji wiki nzima bomba lilipokauka, na wale akina mama wawili wa benchi, ambao mmoja wao amepika hapa tangu Jumatatu na jana, baada ya kuelezwa, alikwenda kumpigia Mwalimu magoti. Mwalimu alimwinua, akamuuliza kama chumvi imetosha kwenye maharage. Tunamshukuru Katekista Leonardi, ambaye aliposikia yote siku ile ya Oktoba alisema, "Mwalimu, nilikuja kwako na maneno ya watu, sikuja na swali," na ambaye amesema jambo la uenyekiti ataliweka mbele ya jumuiya Jumapili hii. Tunawashukuru wanawake wale wengine, mlio hapa na msio hapa. Hatuwatafuti wala hatutawataja, na jina lililo kwenye kadi zenu bakini nalo, mwenyewe ameliruhusu.

Mama Adelina, umesimama vya kutosha, na ulichokuwa umebaki kukisema kimesemwa. Lala sasa, Mungu akupe pumziko lenye amani.

Jana saa kumi jioni, uani, Stephano alimnyoa baba yake ndevu.